Panya, Fuko na Tumbili: Tuwazuie Vipi Bila Kuwadhuru Watoto Wetu?

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo ya surua. Tunazungumza juu ya wageni wasioalikwa: panya jikoni, fuko shambani, tumbili kwenye migomba, na mbwa wasio na mwenyewe.

Huenda unajiuliza, muuguzi na panya wapi na wapi? Nitakwambia. Mahindi yakishavunwa na kuingia nyumbani, panya nao huingia. Panya wakishaingia, sumu huingia. Na sumu ikishaingia katika nyumba yenye mtoto anayetambaa, safari inayofuata ni ya kuja kwetu hospitalini, mara nyingi usiku, mara nyingi kwa bodaboda.

Mama mmoja kutoka upande wa Manyatta alitutumia ujumbe. Anasema hivi: "Sista, panya wametumaliza. Mume wangu anataka kutia sumu. Mama mkwe anasema tutege tu kama zamani. Na binti yangu wa gredi ya sita anasema mwalimu amewaambia mnyama asiteswe, hata akiwa panya. Nimsikilize nani?"

Swali zuri sana. Leo tutawasikiliza wote watatu, kila mmoja kwa zamu yake.

Tuanze na baba. Siku ya soko, iwe ni Gakoromone, Karurumo au Ishiara, utamsikia yule mwuzaji mwenye kipaza sauti: "Dawa ya panya, mende, kunguni!" Kwa shilingi chache anakupa kijikaratasi kilichokunjwa, au kichupa kisicho na jina. Ukimwuliza ni dawa gani, anakujibu, "Mama, hii ni kali, panya hapigi hatua mbili." Hilo si jibu. Dawa yoyote ya panya inayouzwa kihalali hapa Kenya inatakiwa iwe imesajiliwa na PCPB, ile bodi ya serikali inayosimamia dawa za wadudu na waharibifu. Iwe na kibandiko chenye jina la kile kinachoua, namba ya usajili, na maelezo ya huduma ya kwanza. Kile kijikaratasi hakina hata kimoja. Siku mtoto akikila, daktari atakuuliza amekula nini, nawe utasema, "unga mweusi". Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu sumu za panya si moja, na kila moja ina matibabu yake.

Kuna zile zinazozuia damu kuganda. Mara nyingi huja kama nafaka au vipande vya rangi ya waridi, bluu au kijani, vinavyopendeza macho kama peremende. Hizi hazimwui panya papo hapo. Panya hula leo, hufa baada ya siku kadhaa akivuja damu ndani ya mwili. Kwa hiyo mtoto naye akila leo, atacheza kama kawaida. Mama atashusha pumzi aseme, "Mungu ni mwema, hakuna kilichotokea." Kumbe bado. Baada ya siku mbili tatu fizi zinaanza kutoka damu, pua inatoka damu, anapata alama za buluu mwilini bila kupigwa, mkojo unakuwa mwekundu. Uzuri wa sumu hii, kama sumu ina uzuri, ni kwamba ina dawa yake. Tunampa mtoto vitamini K, na akiletwa mapema hupona. Kwa hiyo usingoje dalili. Mlete siku ile ile akiwa bado anacheza.

Kuna ile ya unga wa kijivu au mweusi, inayoitwa zinki fosfaidi. Hii ikifika tumboni na kukutana na asidi ya tumbo, hutoa gesi yenye sumu inayoitwa fosfini. Gesi hiyo hushambulia moyo, mapafu na ini. Mtu hutapika, tumbo humuuma, hupumua kwa shida, shinikizo la damu huanguka. Wakati mwingine pumzi au matapishi yake hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Hii haina dawa ya kuizima. Hospitalini tunaweza tu kumsaidia apumue, kumpa maji ya mshipani, na kuusaidia moyo mpaka mwili ujishindie wenyewe. Wengine hushinda. Wengine hawashindi.

Halafu kuna udanganyifu mkubwa kuliko yote. Watu huchukua dawa kali ya wadudu wa shambani au ya kuogeshea ng'ombe, wakaigawa katika vichupa vidogo na kuiuza kama dawa ya panya. Hii hushika mishipa ya fahamu. Mtoto hutoka mate na machozi mengi, jasho linamtiririka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, anatetemeka, kifua kinajaa maji. Hapa tuna dawa, inaitwa atropini, lakini saa ni chache mno.

Sasa fikiria uzito. Panya mkubwa wa nyumbani ana gramu 200 hadi 300. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo tisa au kumi. Si tofauti kubwa kama unavyodhani, hasa sumu ikiwa imepakwa kwenye kipande cha mandazi au ikachanganywa na omena na ugali. Tunamtegea panya chakula kitamu, halafu tunashangaa kwamba mtoto ameona ni kitamu.

(Muziki mfupi)

Kuna aina nyingine ambayo lazima niitenge peke yake. Ni vile vidonge vya kuhifadhia nafaka, vya alumini fosfaidi. Wengine hutumbukiza kidonge katika shimo la fuko, wengine huweka ndani ya gunia la mahindi, na gunia lenyewe liko chumba cha kulala kwa kuogopa wezi. Mama, hilo usilifanye kamwe. Kidonge hicho kikipata unyevu kidogo tu, hata ule wa hewa, kinatoa ile gesi ya fosfini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Inatambaa chini, inapita nyufa za ukuta na chini ya mlango, na inamkuta mtoto kwenye godoro sakafuni.

Usidhani haya huwapata maskini au wasiosoma peke yao. Mwaka 2010, mjini Layton, jimbo la Utah huko Marekani, kampuni ya kuua wadudu iliweka vidonge hivyo katika mashimo ya panya nje ya nyumba. Gesi iliingia ndani, na watoto wawili wa kike wa nyumba hiyo wakafa, mmoja hata miaka miwili hajatimiza. Januari 2017, mjini Amarillo, jimbo la Texas, vidonge kama hivyo viliwekwa chini ya nyumba kwa ajili ya panya, kisha vikamwagiwa maji ili kuvisafisha. Maji ndiyo yaliyozidisha gesi. Watoto wanne wa familia moja walifariki. Hizo ni nyumba zenye madirisha mazuri, katika nchi yenye magari ya wagonjwa kila mahali. Sisi tuna nyumba ya vyumba viwili na gunia pembeni mwa kitanda.

Kama mmeamua kutumia vidonge hivyo kwa ghala, vitumike na mtu aliyefundishwa, katika ghala lililo mbali na mahali watu wanapolala. Siyo ndani ya nyumba ya kulala. Hapa sina maneno ya kupunguza.

Mtoto akila sumu, ufanye nini? Mwondoe sumu mdomoni kwa kitambaa chenye maji. Usimtapishe kwa kidole, wala kwa maji ya chumvi, wala kwa mayai mabichi. Usimpe maziwa. Najua karibu kila nyanya nchini atakwambia maziwa huua sumu. Hayaui. Na mtoto aliyelegea akinyweshwa kitu, kinaweza kuingia mapafuni. Kama sumu imemwagikia nguo au ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni, nawe uvae mfuko wa plastiki mikononi. Kama unashuku ni ile ya gesi, mtoe nje kwenye hewa, usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, na mkiwa njiani gari liwe na madirisha wazi. Akiwa amelegea, mlaze kwa ubavu. Kisha nenda hospitali, siyo duka la dawa. Na beba pakiti, kichupa, kijikaratasi, hata kama kimechanika. Kama hakuna, beba mabaki ya chambo katika mfuko uliofungwa vizuri. Kile kijikaratasi kinaweza kutuokolea nusu saa ya kubahatisha.

Kuna jambo jingine ambalo redioni hatulisemi vya kutosha. Si watoto wadogo peke yao wanaofikishwa kwetu kwa sababu ya sumu ya panya. Huja pia msichana wa kidato cha pili aliyegombana na wazazi, kijana aliyeachwa na mchumba, mama aliyepigwa. Hasira ya saa moja hukutana na sumu iliyo kwenye dirisha la jikoni. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shambani zilizo kali zaidi, hatua kwa hatua kuanzia miaka ya 1980, idadi ya watu waliojiua ilishuka sana. Shida za watu hazikuwa zimekwisha. Sumu ndiyo iliyokuwa mbali na mkono. Kwa hiyo sumu isiyokuwepo nyumbani ni kinga. Na kama jambo kama hili limetokea kwenu, msimfiche mgonjwa kwa kuogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba. Mleteni atibiwe, na aongee na mtu.

(Muziki mfupi)

Sasa tumsikilize binti wa gredi ya sita. Watu wazima humcheka, wanasema, "Panya naye ana haki gani?" Mimi simcheki. Nimeona wavulana wakimmwagia panya mafuta ya taa na kumwasha moto, watu wazima wamesimama wakicheka. Panya yule hukimbilia wapi? Hukimbilia alikotoka, ndani ya nyasi za paa au stoo ya mahindi. Achilia mbali moto. Mtoto aliyezoea kufurahia kiumbe kikilia kwa maumivu, amefundishwa nini? Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, lakini hata bila sheria, mzazi anajua.

Hata hivyo kuwa na huruma hakumaanishi kula sahani moja na panya. Panya hubeba magonjwa. Mkojo wake ukigusa maji au jeraha unaweza kuleta homa ya leptospira. Viroboto wake ndio waliokuwa wakieneza tauni. Wenzetu wa Lushoto kule Tanzania waliugua tauni mara kwa mara kuanzia mwaka 1980 na kuendelea. Na panya humuuma mtoto mchanga aliyelala, hasa mwenye maziwa au uji uliokauka mdomoni na vidoleni. Mama, mwoshe mtoto uso na mikono kabla ya kulala, na chandarua kikunjwe vizuri chini ya godoro. Chandarua kile kile cha mbu.

Kwa hiyo swali si "tuwaue au tuwaache", bali ni njia ipi inayowaondoa bila kumdhuru asiyehusika, na ikibidi kuua, iwe haraka. Tukipima hivyo, tutashangaa. Ile mitego ya gundi inayouzwa siku hizi, watu huiona ya kistaarabu kwa sababu haina damu wala sumu. Kumbe panya hukaa pale akivutana na gundi usiku kucha, akijikojolea na kujichubua, na mkojo ule ndio wenye magonjwa. Huko Wales waliipiga marufuku mwaka 2023. Na ule mtego wa kizimba unaomkamata akiwa hai? Unaonekana wa huruma kabisa. Lakini utampeleka wapi? Ukimwachilia karibu, anarudi. Ukimwachilia mbali, anaingia kwa jirani au anakufa kwa njaa na kuliwa. Na kumzamisha kwenye ndoo ni kifo cha polepole, usimfundishe mtoto hilo.

Hapa mama mkwe anashinda. Mtego wa zamani wa kubana, wenye springi kali, ukitegwa vizuri unaua kwa nukta moja. Hauachi sumu kwa kuku wala kwa mtoto. Lakini wengi wetu hatujui kuutega, ndiyo maana tunasema haufai. Panya hapendi kukatiza katikati ya chumba, hufuata ukuta huku sharubu zikigusa. Basi mtego uwekwe ukielekea ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta. Chambo kiwe kidogo, omena ya kukaanga, siagi ya njugu, kipande cha parachichi, kisha ukifunge kwa uzi ili asichukue na kwenda. Usiku wa kwanza na wa pili weka mitego yenye chambo lakini bila kuikaza, ale azoee, maana panya ni mwoga wa vitu vipya. Usiku wa tatu ikaze yote pamoja. Mtego mmoja kwa nyumba yenye panya kumi ni mchezo. Tega mitano, sita. Uwekwe ndani ya kisanduku au kipande cha bomba ili kidole cha mtoto kisifike. Ukague alfajiri kila siku. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, mfukie, kisha unawe kwa sabuni.

Lakini nikwambie ukweli. Hata ukitega miaka kumi, kama chakula na nyumba ya panya vipo, utakuwa unavuna tu. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na huzaa watoto sita, wanane, au zaidi. Wale unaowaua wanaacha nafasi na chakula kwa waliobaki. Kazi yenyewe iko kwenye ghala.

Wazee wetu walijua. Ghala la zamani lilisimama juu ya miguu, mbali na nyumba, halikugusa mti. Sisi tumeleta mahindi chumbani. Tukiliinua tena ghala, miguu iwe karibu mita moja kutoka ardhini, na kila mguu uvishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa, panya hawezi kupita. Matawi yakatwe yasiligusie paa. Ngazi iondolewe jioni. Wengi hujenga ghala zuri na kumwachia panya ngazi. Wanaoweza, wanunue pipa la chuma la kuhifadhia nafaka, au akina mama wa chama wachange mnunue kwa zamu. Ile mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa ni mizuri kwa dumuzi, lakini panya huitoboa, kwa hiyo nayo iwe ndani ya ghala lililozuiwa. Na mahindi yakaushwe sawasawa kabla ya kuwekwa. Hatujasahau mwaka 2004, watu 125 walipofariki kwa sumu ya kuvu ya mahindi, hasa Makueni na Kitui. Mahindi yakirundikwa yakiwa na unyevu sakafuni, panya na kuvu wote hufurahi.

Kisha zunguka nyumba ukiwa na saruji au udongo na vipande vya bati. Tundu linaloingia kalamu linamtosha panya mdogo. Chini ya mlango pigilia bati. Usiku funika masufuria, mabaki ya kuku yaondolewe, kuni zisiegemee ukuta. Nyasi ndefu karibu na nyumba zifyekwe. Hili la mwisho wenzetu wa Mbeere na Tharaka wanalielewa haraka, kwa sababu wanajua kwamba bafe hafuati watu nyumbani, hufuata panya. Ukiondoa panya umeondoa nyoka bila kumrushia hata jiwe.

Na paka? Paka ni askari mzuri, lakini askari huyu hufa wa kwanza tukitia sumu, maana panya aliyekula sumu huyumba na kukamatwa kwa urahisi. Vivyo hivyo bundi. Najua, bundi akilia juu ya paa tunasema mtu atakufa, na wengi wakiona kiota chake hukiharibu. Nimefanya kazi wodini miaka kadhaa, na wagonjwa wamefariki usiku usio na bundi hata mmoja. Watafiti waliowachunguza bundi wakubwa katika mashamba ya Kenya ya kati, akiwemo Darcy Ogada, waliandika mwaka 2008 juu ya imani hizi pamoja na dawa za shambani zinazowahusu ndege hao. Bundi anakula panya bure, usiku kucha, wala haombi mshahara. Mwache alie.

(Muziki mfupi)

Tupite haraka kwa wageni wengine. Fuko anayemaliza viazi, nduma na migomba hana haja ya kidonge. Karibu kila kijiji kina mzee au kijana fundi wa kutega, kwa kijiti kilichopindwa na waya, anayelipwa kwa kila fuko anayemtoa. Mtego ule huua haraka na haumwachii mtu sumu ardhini. Wengine hupanda utupa kuzunguka shamba. Ukiupanda, jua kwamba majani yake huua samaki, kwa hiyo uwe mbali na bwawa, na watoto wasiuchezee.

Tumbili na nyani ni habari nyingine. Wale ni wanyamapori, wako chini ya KWS, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu uwaue unavyotaka, wala kuwategea sumu. Lakini hata ukiweka sheria kando, ndizi iliyotiwa sumu na kuachwa shambani haina jina la mlaji. Ataila tumbili, au mbwa wako, au mtoto anayetoka shule na njaa. Desemba 2015 kule Maasai Mara, mzoga uliotiwa sumu ulifikia simba wa familia ile maarufu ya Marsh, na baadhi wakafa. Sumu haina macho. Tumbili huogopa mtu na mbwa, basi ulinzi wa zamu asubuhi na jioni ndio unaofaa, ndizi zikatwe zikiwa zimekomaa kabla ya kuiva, banda la vifaranga liwe na wavu hata juu. Asilindwe shamba na mtoto mdogo peke yake. Nyani hamwogopi mtoto, na kwa kweli hamwogopi sana mwanamke pia, tumeyaona. Wakizidi, pelekeni habari kwa KWS kupitia chifu, mkiwa wengi, kwa maandishi.

La mwisho ni mbwa. Zamani ikisikika kuna kichaa cha mbwa, nyama yenye sumu ilitupwa njiani, na bado wapo wanaofanya hivyo kimyakimya. Asubuhi unakuta mbwa wa kila boma amelala chali, pamoja na yule aliyechanjwa. Halafu mbwa wageni kutoka kwingine, ambao hawajachanjwa, wanakuja kujaza nafasi. Kwa hiyo kijiji kimepoteza kinga yake. Kinachokomesha kichaa ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, mwaka baada ya mwaka. Kisiwa cha Pemba kilifanya hivyo na ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 waliuondoa tena, kwa chanjo. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na karibu na tarehe hiyo maafisa wa mifugo mara nyingi hupanga chanjo. Ulizeni kwa chifu, na mwambieni mtoto mkubwa ampeleke mbwa akiwa na kamba.

Mtoto akiumwa na mbwa, tumbili au paka, osha jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Tazama saa. Usipake majani, usipake mafuta ya gari, usilishone. Kisha hospitali siku hiyo hiyo aanzishiwe sindano, na amalize zote hata kama jeraha limepona, hata kama nauli ni ya kukopa. Dalili za kichaa zikishaanza hatuna la kufanya. Mwenye mbwa asimwue mara moja. Amfunge, atazamwe siku kumi, na afisa wa mifugo aarifiwe.

Yule mama wa Manyatta, natumaini unatusikiliza. Mwombe baba wa watoto akuletee bati na misumari badala ya kile kijikaratasi. Wiki ijayo, saa kama hizi, tutazungumza juu ya mtoto anayekohoa zaidi ya wiki mbili. Tuma maswali yako mapema. Kwaherini.